Tarumbeta Lenye Umbea

Jumatatu, 4 Machi

Fundi wa ala amekuja asubuhi na masanduku matatu na daftari hili. Halmashauri imekubali kununulia safu yetu matarumbeta mapya, manne ya aina moja, ila Fundi anataka kwanza aina tatu zijaribiwe msimu mzima wa mvua, na anayejaribu aandike. "Sauti, pumzi, vidole," akasema. "Na uandike ukweli, mama." Nimwandikie uongo kwa faida gani?

Anayejaribu ni mimi. Hiyo ni desturi ya bendi yetu tangu sijazaliwa: aliyekalia kiti cha kwanza ndiye anayechagua, safu nzima inafuata, na aliyechagua ndiye anayepiga solo kwenye shughuli ya kwanza. Shughuli ya kwanza ni ufunguzi wa ukumbi mpya wa mji, tarehe 25 Mei. Kiti cha kwanza nimekikalia miaka kumi na tisa, na sijasikia mtu akilalamika mbele yangu.

Haya, Fundi, matarumbeta yako. Moja ni zito, shaba nene, bomba pana; linataka pumzi nyingi, linatoa sauti nene ya mviringo, la kupigia maandamano, ibada na mazishi ya wakubwa. La pili ni jepesi, shaba nyembamba; ukiligusa tu limeitika, sauti kali inayong'aa, la watu wa dansi. La tatu liko katikati, linaweza hiki na kile. Nimeyapa majina: Zito, Jepesi na Vuguvugu.

Mvua imeanza saa tisa.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi ya kwanza nikiwa na Zito. Sauti: imetulia. Pumzi: linainywa, lakini mapafu ninayo. Vidole: sawa.

Sasa niandike yasiyokuhusu, Fundi, maana nisipoyaandika nitapasuka. Kiti cha pili, mkono wangu wa kushoto, anakaa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Nilimfundisha mimi mwenyewe hata namna ya kushika, miaka tisa iliyopita, alipokuwa akipuliza kama anayewasha moto wa kuni mbichi. Leo amekua. Karatasi yake inamwambia apige nota ya chini, mimi nipande juu. Lakini nikipanda, na yeye anapanda! Anakuja pale pale nilipo, polepole, kama mtu anayekuvulia kiatu ukiwa umelala. Ananikanyagia nota zangu. Mwaka mzima sasa anafanya hivyo. Nikimwangalia anaangalia karatasi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu tunatumia naye jiko moja.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejaribu Jepesi chumbani. Bovu! Nota za katikati ni tamu, siwezi kukataa, lakini ukipanda juu linatetemeka lenyewe. Nimebadilisha kile kikombe kidogo cha mdomoni, nimelipasha moto, nimelifuta. Linatetemeka. Nimechukua Zito, nota ile ile, imetulia kama maji ya mtungini. Nimerudi kwa Jepesi, linatetemeka. Andika, Fundi: Jepesi lina kasoro.

Wifi kapita dirishani na beseni la nguo, kasimama. "Hilo ndilo zuri, wifi," akasema. "Hilo linakwambia kila kitu."

Nikamwambia mimi sihitaji kuambiwa na bati. Akaenda zake.

Jumapili, 10 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Fundi kaja, kachukua Jepesi, kapanda juu, kashuka, kapanda tena. Halikutetemeka. Akaniangalia. "Halina kasoro, mama."

"Basi linakuogopa wewe."

Akacheka, kisha akasema jambo ambalo ninaliandika ili ajue kwamba nililisikia. Amesema anayepiga yuko nyuma ya tarumbeta, na sauti inaenda mbele. Zito linatupa kila kitu mbele, mpigaji anabakiwa na makombo. Jepesi linamrudishia mpigaji sauti yake. "Usichague kwa sikio lako. Chagua kwa sikio la aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini."

Mimi nilikuwa napiga tarumbeta huyu akiwa bado ananyonya. Ahsante kwa somo.

Jumanne, 19 Machi

Paa la ukumbi wa mazoezi linavuja hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Wameweka ndoo. Mvua juu ya mabati ni kubwa kiasi kwamba mwongoza bendi, tunayemwita Kijiti kwa sababu anatuelekezea kile kijiti chake hata akiagiza chai, anapiga kelele mpaka mishipa inamtoka. Hatusikii nusu ya anayoyasema. Si hasara.

Wifi kanikanyaga nota mara tano. Nimehesabu.

Jumatatu, 25 Machi

Vuguvugu nimelipa siku tatu. Halina kosa wala halina kauli. Mzee wa kiti cha nne kalipenda sana, na yeye mwenyewe ndivyo alivyo.

Jumanne, 2 Aprili

Jioni tulikuwa jikoni watatu: mimi, wifi, na mdogo wangu ambaye ni fundi umeme na kazi yake kubwa hapa nyumbani ni kunyamaza. Wifi akaanza, hivi hivi, akisugua sufuria.

"Wifi, kwenye ufunguzi kuna kipande cha polepole na kuna dansi. Zito litakuchosha. Ukimaliza kile cha pole utakuwa huna mdomo wa dansi."

"Nani kakwambia mdomo wangu unachoka?"

"Sijasema unachoka. Nimesema litakuchosha."

"Sema unachotaka. Unataka Jepesi kwa sababu wewe ni mtu wa dansi. Safu nzima ikipiga Jepesi, wewe ndiye utakayeng'aa, na mimi nitaonekana mzee wa mazishi. Kiti unakitaka, sema!"

Akaweka sufuria chini. "Kiti!" akasema. "Wifi, sikio la kufa halisikii dawa."

Mdogo wangu akasema, "Jamani, chai inapoa," na hakuna aliyekuwa amepika chai.

Nimeandika haya ili ikumbukwe ni nani aliyeanza kutaja kufa.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Zito. Vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Vizuri. Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefika mwisho. Nimemfuata Kijiti ofisini, kile chumba chake chenye mastendi ya karatasi yaliyovunjika, nikafunga mlango.

"Kiti cha pili ananikanyagia nota zangu za juu. Mwaka mzima nimevumilia."

Kijiti akaangalia viatu vyake. Akaangalia dirisha. "Mama, achia tu. Inasikika vizuri ukumbini."

"Sikuuliza inasikikaje. Nauliza, karatasi yake inasemaje?"

"Inasema chini."

"Basi apige chini. Au nikakusemee halmashauri, kwamba mwongoza bendi hajui kusoma karatasi zake mwenyewe?"

Akavuta pumzi ndefu. Akamwita wifi pale pale, akamwambia kuanzia leo ajibane kwenye karatasi yake. Wifi hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Uso wake haukuwa na hasira, jambo lililoniudhi zaidi.

"Sawa, wifi," akasema. "Ila umeomba mwenyewe."

Nimeomba, tena kwa kinywa kipana.

Alhamisi, 18 Aprili

Raha gani hii! Nimepanda juu peke yangu, hakuna wa kunikanyaga, na Zito limenyooka moja kwa moja mpaka ukutani. Mvua ilikuwa kubwa lakini nilijua tu. Mzee wa kiti cha nne alijikunja kufunga kamba ya kiatu nilipomaliza, bila hata kunipa pongezi. Wivu hauna umri.

Fundi, unaweza kuandika: Zito limeshinda.

Jumanne, 23 Aprili

Leo ninaandika sana, kwa sababu kuna siku Mungu anakumbuka waja wake.

Mvua ilikatika ghafla saa nne asubuhi, tukiwa katikati ya kile kipande cha pole. Ukumbi ukawa kimya kwa mara ya kwanza tangu Machi. Ndoo tu ndiyo iliyokuwa ikidondokewa, ti, ti. Nikapanda juu kwenye ile nota ndefu, ile ya kushikilia hesabu kumi na mbili. Nilipofika hesabu ya saba, Kijiti akashusha mikono. Bendi yote ikanyamaza.

"Nani anatetemeka huko nyuma?"

Wapiga ngoma wakaangalia ngoma. Watu wa filimbi, ambao huwa hawafungi midomo hata kwenye maombolezo, kimya. Mimi nikageuka kuangalia safu yangu kama kiongozi anavyopaswa, nikaanza na kiti cha nne, nikaenda cha tatu.

Ndipo wifi akainua mkono. "Ni mimi," akasema. "Samahani. Mdomo umechoka."

Loo! Yeye aliyeniambia Zito litanichosha mimi! Mkuki kwa nguruwe. Kijiti akamwangalia, akarudisha karatasi nyuma. "Turudie," akasema. Tukarudia, na ile nota ilipofika akashusha mikono tena. "Bado." Wifi akasema tena, "Ni mimi." Mara ya tatu Kijiti hakusimamisha. Alifumba macho akaongoza hivyo hivyo, kama mtu anayemeza dawa.

Mimi sikusikia kutetemeka kokote, lakini mtu akipiga kando yako huwezi kusikia kila kitu, tena nilikuwa na kazi yangu. Njiani nilitembea nyuma yake hatua kumi kusudi niufaidi mgongo wake. Kanyeshewa, maana manyunyu yalirudi na mwavuli wake alikuwa ameuacha nyumbani. Wangu nilikuwa nao, tena ni mkubwa. Sikumwita.

Jioni nilimwambia mdogo wangu, "Mkeo ametuaibisha safu nzima leo." Mdogo wangu akanitazama, akasema, "Dada, na wewe wakati mwingine nyamaza." Maneno ya kwanza ya maana aliyonitolea tangu mwaka jana, na ndiyo hayo.

Jumatano, 24 Aprili

Mwavuli wangu, niliouacha barazani umelowa, wifi ameukausha na kuuning'iniza mlangoni kwangu. Anataka nini?

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua zinapungua. Mazoezi: Kijiti kauliza tena, wifi kajibu tena. Sasa wengine wameanza kumhurumia, wanamletea maji. Watu wa filimbi wanamwita "mama wa watu". Mimi nikipita wanakata maneno.

Nimegundua bendi hii imejaa wanafiki. Mwenye makosa anapewa maji, asiye na makosa anapewa kisogo.

Ijumaa, 3 Mei

Halmashauri imetuma mtu kusikiliza. Kavaa suti, kakaa mbele, kasikiliza, kauliza: "Yule anayetetemeka ni nani?" Wifi akainua mkono kama kawaida yake. Mtu wa suti akaandika.

Saa nane barua ikabandikwa ubaoni: kiti cha pili anahamishiwa kiti cha nne kuanzia leo, na asipotengemaa kabla ya ufunguzi ataondolewa kwenye bendi. Mzee wa kiti cha nne kapandishwa cha pili. Alikuja kukaa kando yangu kama mtu anayekalia kaburi.

Wifi akachukua stendi yake, karatasi zake na kitambaa chake chekundu cha kufutia, akahama. Nilitegemea alie. Hakulia. Alipopita nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Nota ya hesabu kumi na mbili, wifi. Vuta pumzi kabla, si baada."

Nikamjibu, "Kanifundishe nikiwa kaburini."

Lilikuwa jibu zuri. Sijui kwa nini nimeshindwa kula.

Jumatano, 8 Mei

Fundi alikuja mazoezini, kakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, miguu juu ya kiti cha mbele. Hakuna mvua. Kijiti alisimamisha mara mbili. Wifi, toka kule kwenye kiti cha nne: "Ni mimi."

Baada ya mazoezi Fundi akaja kukagua matarumbeta. Alikuwa anafungua valvu ya Zito, ile ya kubonyezwa kwa kidole, haniangalii.

"Mama, umeamua?"

"Zito."

"Kwa nini?"

"Linatulia. Halina umbea."

Akapaka mafuta, akarudisha valvu, akabonyeza mara tatu. "Mama, wifi yako leo hakupiga ile nota."

"Amekiri mwenyewe, ukumbi mzima umesikia."

"Nimesikia alivyokiri. Nasema hakupiga. Kiti cha nne pale hakina nota. Karatasi yake ni tupu hesabu kumi na mbili zote. Tarumbeta alikuwa ameliweka magotini."

Nikamwambia aondoke na mafuta yake. Nikamwambia yeye ni muuza mabati tu. Nikamwambia na mengine ambayo siandiki kwa sababu daftari ni lake. Akakusanya vyombo vyake bila haraka. Akaniachia Jepesi juu ya kiti.

Alhamisi, 9 Mei

Sikwenda mazoezini. Nimesema tumbo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda ukumbini saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi kanifungulia. Mabati makavu. Ndoo bado ipo, na maji yake ya wiki mbili.

Nimekaa kwenye kiti changu na Jepesi. Nimevuta pumzi, nimepanda. Hesabu moja, mbili, tatu, sauti safi. Ya nne ikaanza. Mdomo wangu wa juu, upande wa kulia. Si tarumbeta. Nilikuwa naujua tangu mwaka jana ule mdomo, kama mtu anavyojua jino bovu na hapitishi ulimi hapo. Nikaweka Zito kinywani. Nota ile ile, hesabu kumi na mbili, sikusikia kitu. Lakini safari hii niliweka kidole pale kwenye mdomo, nikaugusa ukiruka.

Kwa hiyo Zito halikuwa limenitibu. Lilikuwa limenificha ukweli mimi tu. Watu wote waliokaa mbele walikuwa wanasikia, kuanzia Kijiti mpaka mlinzi, na mimi pekee ndiye niliyekuwa nyuma ya tarumbeta nikijisifu humu kwenye karatasi. Nimerudi nyuma nimesoma yote niliyoandika. Nyani haoni kundule, bibi wee. Mwaka mzima alikuwa anapanda mpaka nilipo ili sauti yake ifunike yangu, na mimi nikamshtaki. Nilipomzuia, akainua mkono.

Nimemuuliza mlinzi, "Uliisikia ile nota?"

"Ya sasa hivi au ya siku zote?" akasema.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemkuta jikoni. Mdogo wangu alikuwa kwenye kazi ya watu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya upole. Nikafungua mdomo yakatoka mengine.

"Nani kakutuma unifiche?"

Alikuwa anamenya viazi. Hakusimama. "Hakuna aliyenituma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe?" Sasa akaweka kisu. "Wewe mtu akikwambia mvua inanyesha unamwita mwongo huku nguo zinakuchuruzika! Nilikwambia Zito litakuchosha, ukasema nataka kiti. Nilikwambia Jepesi linakwambia kila kitu, ukasema huambiwi na bati. Nikwambieje tena, wifi? Nikuandikie ukutani?"

"Ungeniacha niaibike."

"Nilitaka! Unadhani sikutaka? Siku ile umenizuia nilisema, leo namwacha, na akaanguke. Kijiti akauliza nani, nikasubiri. Nikakuona unageuka kuangalia safu, umejaa vile, unatafuta mwizi. Unaanza na mzee wa watu wa kiti cha nne. Nikashindwa."

"Ukanihurumia."

"Sikukuhurumia. Wifi, mimi sikupendi. Miaka tisa tunaishi nyumba moja hujawahi kuniambia ahsante hata ya kupitishiwa chumvi. Lakini mimi niliingia bendi hii kwa sababu nilikuwa nimesimama barabarani siku moja na gunia la mkaa, mnapita, nikasikia ile sauti yako. Nikamfuata mume wangu baadaye. Sauti niliifuata kwanza. Sikutaka watu wamcheke aliyekuwa na sauti ile. Hiyo tu. Wewe mwenyewe siku nyingine natamani nikukabe."

Nikasema, "Kiti cha nne wamekuonea."

"Nani kanionea?"

Nikaangalia maganda ya viazi. Akasubiri nijibu. Kisha akaokota kisu na kuendelea na viazi, na mimi nikatoka. Nimekaa chumbani hapa tangu saa saba. Niandike wazi, kwa kuwa kule jikoni nilishindwa: nimemwonea mimi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimesimama mbele ya bendi nzima kabla Kijiti hajainua kijiti. Nimesema, "Anayetetemeka ni mimi. Tangu mwaka jana. Wifi yangu hajawahi kutetemeka." Nilidhani watashtuka. Watu wa filimbi wakaanza kufungua karatasi. Mmoja akasema, "Haya, tuendelee," na mpiga ngoma kubwa akapiga chafya. Walijua wote. Miaka kumi na tisa nimewaita viziwi.

Ofisini nikamwambia Kijiti mambo mawili. La kwanza, nimechagua Jepesi. La pili, wifi akae kiti cha kwanza na apige solo. Mimi cha pili.

"Desturi inasema aliyechagua ndiye anayepiga."

"Basi andika kwamba kachagua yeye. Ni kweli. Alichagua Machi tisa akiwa na beseni la nguo."

Kijiti akaandika barua kwa mtu wa suti. Alikuwa anatabasamu kijinga na nikamwambia aache.

Wifi alipopata habari alikuja mlangoni kwangu, mikono kiunoni. "Unanisusia kiti? Unanitupia kama nguo iliyochakaa?"

"Kiti ni kizima. Aliyechakaa ni mimi. Chukua au acha."

Amechukua.

Jumatatu, 20 Mei

Kiti cha pili kina mguu mmoja mfupi. Miaka yote hakuwahi kusema. Nimekunja karatasi nimeweka chini yake.

Nota za chini kwenye Jepesi ni safi. Mdomo hautetemeki huko. Linaniambia nikikosea na ninakosea mara chache. Andika hilo, Fundi, na yale ya muuza mabati uyafute.

Alhamisi, 23 Mei

Tumegombana mazoezini. Anapiga ile nota ndefu kama yuko kwenye dansi, anaivuta kwa madaha. Nimemwambia ni kipande cha pole, si harusi. Kaniambia aliye kiti cha kwanza ni nani? Nimenyamaza. Ni kazi ngumu kuliko ile nota.

Jumamosi, 25 Mei

Ufunguzi. Ukumbi mpya unanuka rangi, viti vyekundu, paa halivuji. Mtu wa suti mstari wa mbele. Fundi nilimwona kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Mdogo wangu kavaa shati nililomnunulia miaka mitatu iliyopita, bado lina mikunjo ya dukani.

Wifi kasimama. Nilikuwa kando, na ile shaba mpya ilikuwa inatupatupa mwanga kwenye karatasi yangu. Kaanza vizuri. Kile cha mwanzo kakipiga kwa pole, si dansi hata kidogo, mpaka nywele zikanisimama, na nilichukia kwamba zimenisimama. Kisha tukakaribia nota ya hesabu kumi na mbili. Nikamwona anaingia bila kuvuta pumzi. Mtu aliyenifundisha mimi kuvuta kabla, si baada! Hesabu ya tano ilikuwa sawa. Ya nane ikaanza kukonda. Karatasi yangu ilikuwa inasema chini.

Ikafika ya kumi na mbili, nzima. Watu wakasimama kupiga makofi kabla hata dansi haijaanza.

Tukiwa tunashuka ngazi za nyuma na masanduku yetu, nilimwambia, "Ulichelewa kuvuta pumzi."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Na wewe ulipanda. Karatasi yako ilisema chini."

"Nilipanda hesabu nne tu."

"Mdomo ulitetemeka?"

"Ulitetemeka."

Akashuka ngazi mbili zaidi. "Haukusikika," akasema.